Mwongozo Kamili wa Kitenzi cha Kijerumani *fahren*: Asili Yake, Maana Zake na Namna ya Kukizoea

Yeyote aliyewahi kusimama Likoni au Magogoni akingoja feri amekwisha kutamka neno lenye undugu na kitenzi cha Kijerumani *fahren*, hata kama hajawahi kuketi katika darasa la lugha hiyo. Neno "feri" tumelipata kwa Waingereza, nao Waingereza wanalo kutokana na shina lilelile la kale lililowapa Wajerumani *fahren*, yaani kusafiri, na *Fähre*, yaani kivuko.

Mwongozo huu unamlenga msomaji anayejifunza Kijerumani kwa kazi maalumu, awe muuguzi anayejiandaa kwenda Ujerumani, mwongoza watalii wa Arusha au Unguja, au mwanafunzi wa chuo. Vitabu vya mwanzo humwambia kwamba *fahren* ni "kuendesha gari" au "kwenda kwa gari", na kwa wiki mbili tatu maana hiyo humtosha. Kisha hukutana na *Vorfahren*, ambao ni mababu, na *Erfahrung*, ambayo ni uzoefu, na *Himmelfahrt*, ambayo ni kupaa mbinguni, na *fertig*, ambalo ni "tayari", akabaki kuyakariri moja moja kana kwamba hayajuani. Shauri langu ni kwamba kitenzi hiki kisianzwe na gari, kwa kuwa gari lilikuja mwisho kabisa katika historia yake. Hatua zifuatazo zinakianza pale kilipoanzia.

Hatua ya kwanza: Weka gari kando, shika wazo la kuvuka

Wanaisimu wa lugha za Ulaya hulirudisha neno *fahren* hadi kwenye mzizi wa Kihindi-Kiulaya mame, lugha ya kale inayokisiwa kuwa mama wa lugha nyingi za Ulaya na India, unaoandikwa *per-*, wenye maana ya kuvuka, kupita na kutokea upande wa pili. Mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa sababu lugha yake ina familia inayofanana na hiyo kimaana: vuka, vusha, kivuko. Ukiziweka akilini hizo tatu, utaona kwamba Wajerumani nao wametoa katika mzizi wao *Furt*, mahali pa mto ambapo watu huvuka kwa miguu. *Fähre*, chombo cha kuvushia. Na *führen*, ambalo tutalirudia, lililoanza kwa maana ya kumfanya mtu aende. Jiji la Frankfurt jina lake ni "kivuko cha Wafranki", kabila la kale la Kijerumaniki, katika mto Main, na Erfurt na Schweinfurt yana mwisho huohuo.

Pengine msomaji anajiuliza *p* imegeukaje kuwa *f*. Mageuzi haya yalifanyika kwa utaratibu katika lugha zote za Kijerumaniki, yaani Kijerumani na ndugu zake kama Kiingereza na Kiholanzi, na mwanaisimu Mjerumani Jacob Grimm aliyaeleza katika toleo la sarufi yake la mwaka 1822, kiasi kwamba kanuni hiyo mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Ndiyo maana Kilatini kina *pater* na Kijerumani *Vater*, ambayo herufi yake ya kwanza hutamkwa kama *f*. Kilatini *piscis*, Kijerumani *Fisch*. Kwa upande wa Kilatini, mzizi wa *per-* ulibaki na *p* yake ukatoa *portus*, bandari, na kutoka hapo, kwa kupitia Kifaransa na Kiingereza, nusu ya pili ya neno letu "pasipoti". Kwa hiyo abiria anayepanda feri akiwa na pasipoti mfukoni amebeba matawi mawili ya mti mmoja.

Katika Kijerumani cha Juu cha Kale, maandishi ya karne ya 8 yana kitenzi *faran*, na katika Kijerumani cha Juu cha Kati, kuanzia karne ya 11 hivi, kinaandikwa *varn*. Katika vipindi vyote viwili maana yake ni pana kama "kwenda" yetu: kutoka mahali hadi mahali, kwa miguu, kwa farasi, kwa jahazi, hata kwa roho. Kiaisilandi kimeuhifadhi upana huo, kwani *fara* mpaka leo ni "kwenda" tu. Kiholanzi kimekwenda upande wa maji, ambako *varen* ni kusafiri kwa chombo cha majini. Kiingereza kimekipunguza kitenzi chao hadi kikabaki katika neno la nauli na katika maneno ya kuagana. Kijerumani, kadiri karne zilivyopita, kikakibana kuelekea chombo chochote kinachobeba mtu, kwanza mashua na mkokoteni, halafu treni, baiskeli na gari.

Anayetaka kuuona upana wa zamani kwa macho yake na afungue Biblia ya Kijerumani ya Martin Luther, Luka 2:29, ambapo mzee Simeoni, baada ya kumpakata mtoto Yesu hekaluni, anamwambia Mungu kwamba sasa anamwacha mtumishi wake *in Frieden fahren*. Mzee yule hakuwa akiomba usafiri. Alikuwa akiomba ruhusa ya kwenda zake kwa amani.

Hatua ya pili: Jua umbo lake kabla ya kulitumia

Hatua hii ni fupi, ila haikwepeki. *Fahren* ni kitenzi chenye nguvu, kama Wajerumani wanavyoviita vitenzi vinavyobadili irabu ya ndani badala ya kupokea kiambishi cha wakati uliopita: *ich fahre*, *du fährst*, *er fährt*; wakati uliopita ni *ich fuhr*; na umbo la utimilifu ni *gefahren*. Kundi lake lina wenzake wengi wanaofuata mkondo huohuo wa *a* kuwa *u*, kwa mfano *tragen–trug* (kubeba), *schlagen–schlug* (kupiga) na *graben–grub* (kuchimba), hivyo anayekariri mmoja amepata wote.

Ugumu wa kweli upo katika kitenzi kisaidizi. Ukieleza kwamba umesafiri, unatumia *sein*: *Ich bin nach Dresden gefahren*. Ukieleza kwamba umekiendesha chombo hadi mahali fulani, au umempeleka mtu, unatumia *haben*: *Ich habe das Auto in die Garage gefahren*, *Er hat mich zum Bahnhof gefahren*. Kwa lugha ya sarufi yetu, *sein* huambatana na hali isiyo elekezi na *haben* na hali elekezi. Njia rahisi ya kukumbuka ni kujiuliza kama sentensi ya Kiswahili ingekuwa "nilikwenda" au "nilikipeleka, nilimpeleka": ya kwanza inadai *bin*, ya pili *habe*.

Hatua ya tatu: Amua kama ni *gehen*, *fahren*, *fliegen* au *reisen*

Kiswahili hakimdai msemaji aeleze anakwendaje. "Kesho naenda Mwanza" ni sentensi iliyokamilika, na msikilizaji akitaka kujua kama ni kwa basi au kwa ndege atauliza. Kijerumani kinamlazimisha msemaji kuchagua kabla hajafungua kinywa: *gehen* ni kwa miguu, *fahren* ni kwa chombo cha ardhini au majini, *fliegen* ni kwa ndege. Anayesema *Ich gehe nach Berlin* akimaanisha safari ya siku mbili atashangaa akiulizwa amepata nyumba wapi, kwa sababu *gehen* pamoja na jina la mji au nchi hueleweka kuwa ni kuhamia. Kwa safari ya kawaida sema *Ich fahre nach Berlin*.

Kwa upande mwingine, Kijerumani hakijali hapa jambo ambalo sisi tunalijali, yaani nani kashika usukani. Kiswahili kinatenganisha "kuendesha gari" na "kwenda kwa gari". *Ich fahre nach Köln* haielezi kama msemaji ni dereva au abiria. Pakihitajika ufafanuzi, abiria husema *mit dem Bus*, *mit dem Zug*, *mit der Fähre*, na dereva husema *ich fahre selbst*. Majina ya watu wenyewe yako wazi: *Fahrer* ni dereva, na abiria ni *Fahrgast*, neno kwa neno "mgeni wa safari", heshima ambayo makondakta wetu wangefaa kuiazima. Mgeni huyo akipanda bila tiketi huitwa *Schwarzfahrer*, na akikamatwa hulipa euro 60, kiwango kilichopandishwa kutoka 40 mwaka 2015.

*Reisen* nalo ni kusafiri, lakini kwa maana ya safari yenyewe, ndefu na iliyopangwa, bila kujali chombo. Asili yake ni tofauti kabisa: linatokana na kitenzi cha kale *rîsan*, ndugu wa kitenzi cha Kiingereza cha kuinuka, na *Reise* ya kwanza ilikuwa "kuondoka, kuinuka na kwenda". Katika Zama za Kati neno hilo lilitumika sana kwa safari ya vita, na mamluki wa Uswisi waliojiajiri kwa wafalme wa Ulaya waliitwa *Reisläufer*. Mtalii wa leo anayejiita *Reisender* hana habari kwamba jina lake liliwahi kunukia baruti.

*Wandern* ni kutembea mwendo mrefu kwa miguu, leo zaidi kwa burudani. Zamani lilikuwa jambo la riziki, na mafundi vijana, hasa maseremala, bado wapo wanaoifuata desturi ya kutoka nyumbani kwa miaka 3 na siku 1, wakiwa na mavazi yao meusi, bila kuruhusiwa kukaribia kwao kwa umbali wa kilomita 50. Kutokana na kutembea huko Kijerumani kikapata kivumishi *bewandert*, ambacho ni mtu mwenye ujuzi mpana. Jambo hili tutakutana nalo tena katika *erfahren*.

Neno "safari", ambalo sisi tulilipokea kutoka Kiarabu, Wajerumani nao wanalo, ila kwao limebanwa likabaki na wanyama tu, na cha ajabu husema *auf Safari gehen*, wakitumia kitenzi cha miguu, ingawa siku nzima watakuwa wameketi ndani ya gari. Lile zunguko lenyewe la kutazama wanyama kwa gari ndilo linaloitwa *Pirschfahrt*, na mwongoza watalii afadhali alijue mapema.

Hatua ya nne: Kusanya jamaa wa *fahren* wasio na magurudumu

Chukua daftari, andika *fahren* katikati ya ukurasa, na kuzunguka hapo uweke maneno ambayo gari haliwezi kuyaeleza. Haya ndiyo yatakayokufundisha kitenzi hiki kuliko sentensi mia za vituo vya treni.

Anza na *Vorfahren*, mababu. *Vor* ni mbele au kabla, hivyo hawa ni "waliokwenda kabla". Kiswahili hakihitaji maelezo zaidi, kwa sababu katika kila tanzia tunawataja marehemu kuwa ni waliotutangulia, na Wajerumani wanasema jambo hilohilo kwa neno moja. Wanaobaki nyuma ni *Nachfahren*, vizazi vinavyofuata.

Kisha *Himmelfahrt*. Sikukuu ya *Christi Himmelfahrt* huangukia Alhamisi, siku ya 40 ukihesabu kuanzia Jumapili ya Pasaka, na Wakristo wa Ujerumani wanapokiri imani yao husema Kristo *aufgefahren in den Himmel*. Hapa lugha yetu imekuwa makini kuliko yao: Wakatoliki wa Kiswahili husema Yesu alipaa, kwa uwezo wake, na Bikira Maria alipalizwa, kwa kauli ya kutendwa, lakini Mjerumani anaiita hata sikukuu ya tarehe 15 Agosti *Mariä Himmelfahrt*, kwa neno lilelile. *Wallfahrt* ni hija, na *zur Hölle fahren* ni kwenda jehanamu, ambako pia hakuna aliyewahi kwenda kwa basi.

*Wohlfahrt* leo ni ustawi wa jamii, lakini ndani yake mna *wohl fahren*, "kwenda vizuri", kama tunavyosema mambo yanakwenda. Matumizi hayo bado yamo katika usemi wa kila siku *Damit bin ich gut gefahren*, yaani uamuzi ule umeniendea vizuri. Upande wake wa kiburi ni *Hoffart*, ambayo ilianza kuwa *hôchvart*, mwenendo wa hali ya juu wa watu wa hadhi, ikaishia kuwa majivuno matupu. Na mali inayoweza kuhamishwa, kinyume cha ardhi na nyumba, Waswisi katika sheria zao huiita *Fahrnis*.

Msafiri mwenzako ni *Gefährte*, na neno hilo limepanuka hadi *Lebensgefährtin*, mwenzi wa maisha wa kike. Nyayo za mnyama porini ni *Fährte*, ambalo awali lilikuwa wingi wa *Fahrt*, safari: njia alizopita. Anayewatembeza wageni Serengeti anaweza kuwaambia anasoma *Fährten*, na akieleza kwamba wamefuata *eine falsche Fährte*, watamwelewa kwa maana zote mbili, ya simba na ya upelelezi uliokwenda kombo.

Neno ninalolipenda kuliko yote katika kundi hili ni *fertig*. Kwa sura halifanani na *fahren* hata kidogo, lakini ni kivumishi kilichotokana na *Fahrt*, na mtu wa kwanza kuwa *fertig* alikuwa aliyekwisha kufunga mizigo, tayari kwa safari. Kutoka hapo likawa "tayari" kwa jambo lolote, kisha "iliyokamilika", na hatimaye, kwa mzaha wa lugha, likafika mwisho wa safari lenyewe: *Ich bin fertig* inaweza kumaanisha nimemaliza kazi, na inaweza kumaanisha nimechoka hoi. Kiswahili nacho kimewahi kulichezea neno la safari namna hii. Tunaposema "safari hii utashinda" hatuzungumzii mwendo wowote. Neno limegeuka kuwa "mara".

Kundi la mwisho la kutafuta ni la wachimba madini. Katika lugha ya migodi ya Kijerumani, mwendo wowote wa mtu mgodini ni *fahren*, hata akiwa anatambaa kwa mikono na magoti. Kuingia zamu ni *einfahren*, kutoka ni *ausfahren*, na ngazi ya kushukia shimoni huitwa *Fahrt*. Katika milima ya Harz, mwaka 1833, waliunda mtambo wa magogo mawili yanayopanda na kushuka kwa kupishana, yenye vibao vya kukanyagia, ili mchimbaji ahame kutoka gogo moja kwenda jingine mpaka afike juu bila kupanda mamia ya vipago, nao wakauita *Fahrkunst*. Mgodi wa mwisho wa makaa ya mawe magumu nchini humo, Prosper-Haniel wa Bottrop, ulifungwa Desemba 2018, na maana hii ya kale sasa imebaki zaidi kwa wastaafu na katika makumbusho.

Hatua ya tano: Tofautisha *fahren* na mwanawe *führen*

Kiswahili kina kauli ya kutendesha: lala hutoa laza, anguka hutoa angusha, vuka hutoa vusha. Kijerumani kiliwahi kuwa na utaratibu wa aina hii, na mabaki yake yapo: *fallen* (kuanguka) na *fällen* (kuangusha mti), *sitzen* (kukaa) na *setzen* (kukalisha), *trinken* (kunywa) na *tränken* (kunywesha). *Führen* ni kauli ya kutendesha ya *fahren*, "kumwendesha mtu", ndiyo maana leo ni kuongoza. Tofauti na mzazi wake, chenyewe ni kitenzi dhaifu: *führte*, *geführt*. Kosa ninalolisahihisha mara nyingi katika madaftari ya wanafunzi ni *Er führte mich nach Hause* mahali ambapo mwandishi alitaka *Er fuhr mich nach Hause*. Sentensi ya kwanza inamwonesha mtu akishikwa mkono kama kipofu. Ya pili ina gari.

Nukta mbili za juu ya *u*, basi, zinabeba kazi ileile ya -*sha* yetu, na hazipaswi kuachwa hata katika ujumbe wa simu.

Kwa waongoza watalii pana tahadhari moja zaidi. Leseni ya udereva ni *Führerschein*, ziara ya kuongozwa ni *Führung*, na maneno hayo hayana ubaya wowote. Lakini neno *Führer* likisimama peke yake limeharibiwa na Adolf Hitler, aliyelitwaa kuwa cheo chake. Kijana anayejitambulisha kwa wageni uwanjani kwa sentensi *Ich bin Ihr Führer* hakukosea sarufi, ila atauona ukimya ndani ya gari. Aseme *Ich bin Ihr Reiseleiter*, au atumie *Guide*, ambalo Wajerumani wenyewe wamelizoea.

Hatua ya sita: Pitia viambishi awali, na sikiliza mkazo

Kiswahili hunyambua vitenzi kwa kuongeza mwishoni. Kijerumani huongeza mwanzoni. Viambishi vingi vinaeleweka kwa urahisi: *abfahren* ni kuondoka, *losfahren* ni kuanza safari, *mitfahren* ni kwenda pamoja. Fahamu tu kwamba kinyume cha *abfahren* ni *ankommen*. *Anfahren* ni jambo jingine, kwani linaweza kuwa gari kuanza kusogea, gari kumgonga mtu, au mtu kumfokea mwenzake.

Lipe muda *erfahren*. Kiambishi *er-* huashiria kufikia lengo, hivyo *erfahren* ya kwanza ilikuwa kuifikia nchi kwa kusafiri, kuizunguka mpaka uijue. Baadaye safari ikadondoka, ujuzi ukabaki. Leo *Ich habe es gestern erfahren* ni "nilipata habari jana", *Erfahrung* ni uzoefu, na *ein erfahrener Arzt* ni daktari aliyebobea. Wahenga wetu walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Mjerumani ameifunga hekima hiyo ndani ya kitenzi kimoja, na kila anapoomba kazi anaulizwa ana *Erfahrung* ya miaka mingapi bila kukumbuka kwamba anaulizwa ametembea wapi.

*Verfahren* ina nyuso mbili. *Sich verfahren* ni kupotea njia ukiwa na chombo, kwa kuwa *ver-* mara nyingi hubeba maana ya kwenda kombo, na hali iliyokwama bila suluhisho huitwa *verfahren*. Lakini *das Verfahren* ni utaratibu rasmi, hata mwenendo wa kesi mahakamani. Anayepokea barua kutoka ofisi ya wageni yenye neno *Verfahren* hajaambiwa kwamba amepotea. Ameambiwa shauri lake linashughulikiwa.

Jambo linalowatega Waswahili kuliko mengine ni mkazo. Sisi mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, karibu katika kila neno, na sikio letu halikuzoea kutafuta maana humo. Kijerumani kina *umfahren* mbili zinazoandikwa sawasawa. Ukikaza *um*, kiambishi hutengana na kitenzi: *Ich fahre den Pfahl um*, nakiangusha kiguzo kwa gari. Ukikaza *fah*, havitengani: *Ich umfahre den Pfahl*, nakizunguka kiguzo. Mwalimu wa udereva akitoa amri hiyo kuhusu mtu anayevuka barabara, uhai wa mtu huyo unaning'inia kwenye mkazo. Zoezi linalofaa ni kusema sentensi hizo mbili kwa sauti kila siku kwa wiki nzima, huku ukipiga meza kwenye silabi yenye mkazo.

Teknolojia nayo imekitumia kitenzi hiki. Kuwasha kompyuta mpaka iwe tayari ni *hochfahren*, kuizima kwa utaratibu ni *herunterfahren*, na wakati wa janga la korona maneno hayohayo yalitumika kwa nchi nzima iliyofunga na kufungua shughuli zake. Hapa tena hakuna gurudumu, kuna mwendo tu, wa juu na wa chini. Gurudumu linaonekana waziwazi katika *Fahrrad*, "gurudumu la kusafiria", neno ambalo vyama vya waendesha baiskeli wa Ujerumani walikubaliana nalo mwaka 1885 ili waachane na *Veloziped* ya Kifaransa. Waswisi hawakuambatana nao, na mpaka leo baiskeli kwao ni *Velo*.

Hatua ya saba: Wachunguze wanaojifanya ndugu

Mtu akishaipenda familia hii huanza kumwona ndugu kila mahali, na ndipo makosa yanapozaliwa. *Gefahr*, hatari, linafanana mno na *fahren*, na ni rahisi kujisimulia kwamba safari za zamani zilikuwa za hatari. Kwa ushahidi wa maandishi linatoka katika neno jingine, *vâre*, lililomaanisha kuvizia na hila, ambalo ni ndugu wa neno la Kiingereza la woga. Hata *ungefähr*, "takriban", linatoka huko: katika hati za kisheria waandishi walitaja vipimo na kuongeza *âne gevære*, "bila hila", maana yake kama kuna kasoro ndogo katika hesabu, haikukusudiwa.

Kwa hiyo usiamini sura, fungua kamusi. Tovuti ya DWDS, inayosimamiwa na Akademia ya Sayansi ya Berlin-Brandenburg, ni ya bure, na chini ya kila neno kubwa ina sehemu ya *Etymologie* iliyotokana na kamusi ya Wolfgang Pfeifer. Vifupisho vyake vinatisha mara ya kwanza tu: *ahd.* ni Kijerumani cha Juu cha Kale, *mhd.* ni cha Kati, *got.* ni Kigothi, *ie.* ni Kihindi-Kiulaya, na *8. Jh.* ni karne ya 8. Katika tovuti hiyohiyo utaifikia kamusi kubwa ya ndugu wawili Grimm, iliyoanza kuchapishwa 1852 na kukamilika 1961. Makala ya *fahren* aliiandika Jacob mwenyewe. Alifariki 1863 akiwa bado katika herufi F, kwenye neno *Frucht*, tunda.

Hatua ya nane: Jipime

Kabla ya kipimo, shika semi nne. *Aus der Haut fahren*, "kutoka nje ya ngozi", ni kupandwa na hasira. *Der Schreck fuhr ihm in die Glieder* ni hofu kumwingia mtu hadi viungoni. *Jemandem über den Mund fahren* ni kumkata mtu kauli kwa ukali. *Die Hoffnung fahren lassen* ni kukata tamaa, kuliacha tumaini liende zake. Lakini usithubutu kusema *einen fahren lassen* mbele ya wakwe, kwa sababu hapo kinachoachwa kiende zake ni ushuzi.

Sasa funika maelezo yote ya juu na ufasiri sentensi hii bila kamusi: *Als Peter erfuhr, dass die Fähre heute nicht fährt, fuhr er aus der Haut, ihm entfuhr ein hässliches Wort, und am Abend war er fix und fertig.* Ina maneno sita ya familia moja na chombo kimoja tu. *Entfuhr* hukuliona hapo awali, ila *ent-* ni kiambishi cha kuponyoka, na hicho kinatosha. Ukipata jibu lililo karibu na hili, unaweza kuendelea na kitenzi kingine: "Peter alipopata habari kwamba kivuko leo hakifanyi safari, alipandwa na hasira, neno baya likamponyoka, na ilipofika jioni alikuwa hoi bin taaban."